Uchambuzi wa kisa: Königsberg ya sentimita 115 na maji ya Rufiji

Usuli

Kituo kimoja cha utamaduni katika mji wa pwani ya Tanzania kiliagiza diorama (modeli ndani ya mandhari yake) ya manowari ya Kijerumani, SMS Königsberg, kwa ajili ya ukumbi wake wa maonyesho. Majina ya kituo, mji na wahusika yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa kazi yenyewe yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Mimi niliitwa kazi ikiwa katikati, nikague michoro. Kisa nimekiandika kwa ridhaa ya mafundi, kwa ajili ya yeyote anayewaza kujenga modeli kubwa ya meli.

Kwa asiyeijua meli hii: ilikuwa manowari nyepesi yenye urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2, dohani tatu na mizinga 10 ya milimita 105. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, nahodha wake akiwa Max Looff. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza ikatoka kuwinda, na tarehe 20 Septemba 1914 ikaipiga HMS Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Unguja. Kisha injini yake ikaharibika, ikaingia kujificha kwenye delta ya Rufiji, upande wa Salale. Waingereza waliigundua 30 Oktoba, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuifuata ndani. Mwaka uliofuata wakaleta HMS Severn na HMS Mersey, vyombo vya kina kifupi vilivyoweza kupanda mto, vikaishambulia tarehe 6 Julai 1915 na tena tarehe 11, huku ndege zikiwaelekeza makombora yanakoangukia. Siku hiyo ya pili mabaharia waliizamisha wenyewe. Mizinga yake ikatolewa majini, ikaenda kupigana nchi kavu pamoja na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo.

Barua ya agizo ilisema kituo kinataka Königsberg “kubwa, yenye kila kitu, ikiwa ndani ya delta”. Siku haikutajwa. Anayesoma kisa hiki alishike hilo, maana ndilo lililozaa karibu kila hasara itakayofuata.

Wajenzi na uchaguzi wa skeli

Mafundi walikuwa wanne. Mzee alikuwa amejenga majahazi maisha yake yote, kisha akastaafu. Binti alisomea uchoraji wa majengo, na ndiye pekee aliyeweza kusoma michoro ya meli. Wa tatu alikuwa fundi wa kuwaindi mota, mwenye kibanda chake sokoni, na wa nne kijana mchongaji wa vinyago. Upande wa kituo kulikuwa na Mratibu, na nyuma yake kamati.

Skeli ilikuwa 1:100, na uchaguzi huo siuoni dosari. Mita moja ya meli ni sentimita moja ya modeli, hivyo hata kijana ambaye hesabu haikuwa rafiki yake aliweza kupima bila kuuliza. Meli inatoka sentimita 115, mtu wa kawaida sentimita 1.7, mtumbwi wa mita 6 unatoka sentimita 6. Yote yanaonekana kwa macho ya mgeni aliyesimama upande wa pili wa kamba. Meza ilipangwa iwe shiti moja ya plaiwudi, futi 8 kwa 4, yaani kipande cha mto chenye urefu wa mita 244 hivi.

Hapo ndipo ombi la kwanza la kamati lilipogonga mwamba. Walitaka Severn na Mersey zionekane zikifyatua. Binti akawafanyia hesabu mezani: vyombo hivyo vilipiga vikiwa mbali, kilomita kama 9. Kwa skeli ile ni mita 90. Königsberg ikiwekwa golini, Severn inabidi ikae karibu na goli la pili. Kamati ikacheka, ikaliacha ombi. Ila haikuuliza swali ambalo lingefuata hapo: kama si siku ya mapigano, basi ni siku gani?

Mfuatano: bodi la meli

Kazi ilianza na bodi zima, kuanzia mkuku (uti wa chini wa chombo) hadi sitaha, pamoja na panga za chini zinazoisukuma meli. Sababu aliyoitoa Mratibu ni kwamba modeli kamili ina heshima kuliko iliyokatwa kwenye mstari wa maji. Mafundi hawakubisha.

Mzee alitaka kulijenga kwa jicho, kama alivyozoea: mbao kwanza, mataruma (mbavu za chombo) yafuate umbo. Akakaa na picha za meli muda mrefu, kisha akamwambia Binti, “Mwanangu, chombo hiki hakina tumbo.” Alikuwa sahihi. Urefu wa Königsberg ni karibu mara tisa ya upana wake, na mkono uliozoea jahazi ungeipa kiuno ambacho haikuwa nacho. Wakakubaliana mataruma yatoke kwenye mchoro, yakatwe kwa plaiwudi ya milimita 6, moja kila sentimita 5, na Mzee apewe mamlaka yote juu ya mbao za kufunikia.

Binti alichapisha michoro kwenye duka la stesheni, karatasi nyingi zikaungwa kwa gundi. Alipima urefu: sentimita 115.3. Akaridhika, mataruma yakakatwa yote na kusimamishwa juu ya mkuku. Mzee akachukua ufito mwembamba wa mbao, akaulaza kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), akainama na kufumba jicho moja. Katikati ufito ulilala vizuri. Kwenye omo ukaruka, haukugusa ubao wa mbele. Akauhamishia ubavu wa pili, ukafanya vilevile. Hakusema mchoro umekosewa, alisema, “Sitaha imepanda, na mkuku haujui.”

Walipopima upana wakapata sentimita 13.7 badala ya 13.2. Karatasi ya mataruma ilikuwa imechapishwa peke yake, na mashine ikaikuza kidogo ili ijaze ukurasa. Karatasi ya ubavu, iliyotoa urefu, ilikuwa sawa. Kijana alishauri mataruma yapigwe msasa milimita mbili na nusu kila upande. Binti akakataa, na hoja yake ilikuwa nzuri: kilichokua si upana peke yake, kimo nacho kimekua, na msasa wa ubavuni hauwezi kushusha sitaha. Plaiwudi ni rahisi kuliko bodi lililopinda. Yakakatwa upya yote. Kuanzia hapo kila karatasi ilichorwa msalaba wa sentimita 10 kwa 10 kabla ya kuchapishwa, na msalaba ukapimwa pande zote mbili kabla ya msumeno kuguswa.

Bodi lilifunikwa kwa vipande vyembamba vya paini, likapigwa puti na msasa. Ndani lilipakwa vanishi iliyoyeyushwa kwa thina, mpaka kwenye pembe ambazo hakuna atakayeziona. Hilo lilikuwa agizo la Mzee. Linaonekana dogo, lakini tutalirudia kwenye matokeo.

Mfuatano: vitu vidogo

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo fundi wa pwani anapoweza kujua kwamba hahitaji vifurushi vya ng’ambo.

Reli za pembeni mwa sitaha zilitoka kwenye kibanda cha fundi wa kuwaindi. Waya wa shaba wa mota huuzwa kwa unene unaojulikana, na yeye alikuwa nao kuanzia ule mwembamba kama unywele. Nguzo za reli alizikata kwa waya wa nusu milimita, kimo sentimita moja, na kamba za kati kwa waya mwembamba zaidi. Alipigilia misumari midogo kwenye ubao kwa nafasi sawa, akazilaza nguzo kati ya misumari, akapitisha waya juu yake na kugusa kila makutano kwa bunduki ya lehemu. Zikatoka reli zilizonyooka, vipande vya sentimita 10, tayari kupandikizwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwa drili. Kamba za milingoti nazo zilianza kwa uzi wa pamba. Ukawa unalegea na kukaza kila hewa ikibadilika, ukang’olewa. Waya uleule ukachukua nafasi yake na haujalegea tena.

Mitutu ilitengenezwa kwa vijiti vya shaba ya njano vya kuchomelea, vinavyouzwa kwa mafundi gesi. Kijiti kilifungwa kwenye drili iliyobanwa mezani, kikazunguka huku tupa ikikikereza mpaka kipungue kuelekea mdomoni. Mpiga picha mmoja aliyekuwa Mombasa aliwapimia mtutu ulioko Fort Jesus. Vipimo vya mtutu vilisaidia. Kitako hapana, kwa sababu mizinga ilipotolewa melini ilitengenezewa magurudumu. Kitako cha sitahani kilitokana na michoro. Mpangilio ni rahisi kuukumbuka: miwili sambamba mbele, miwili sambamba nyuma, mitatu kila ubavu.

Kilichoshindikana ni madirisha ya duara. Kijana alinunua vipete vya shaba vinavyowekwa kwenye matundu ya kamba za viatu, akavipanga ubavuni. Vilimeta, vikapendeza kimoja kimoja, na meli nzima ikageuka ya kuchezea. Kipete kilikuwa na milimita 5 kwa nje. Kwa skeli ile ni dirisha la nusu mita, na jicho la mgeni halihitaji rula kulishtukia hilo. Vikatolewa, matundu yakajazwa, yakatobolewa mapya madogo na kutiwa rangi nyeusi ndani. Kipande kilichozidi kimo huharibu kuliko kipande kisichokuwepo, na fundi anayependa kipande chake ndiye wa mwisho kuliona hilo.

Mfuatano: siku inapochaguliwa

Meli ikiwa imekamilika, milingoti imesimama kimo chake chote, ndipo kamati ikakutana kuzungumzia mandhari. Kulikuwa na makundi mawili. Moja lilitaka 11 Julai 1915, moto na moshi. La pili likiongozwa na mjumbe ambaye kwao ni deltani, lilitaka Oktoba 1914, wakati injini imefunguliwa na vipande vyake vikipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu vikatengenezwe. Hoja yake: kwenye moto wanaonekana Wajerumani na Waingereza, kwenye injini wanaonekana waliobeba.

Kundi la pili lilishinda, na kwa maoni yangu ilistahili. Lakini angalia gharama. Meli iliyojificha ilishusha vipande vya juu vya milingoti ili visichomoze juu ya miti, na ikafunikwa matawi. Milingoti iliyokuwa fahari ya fundi wa kuwaindi ikakatwa karibu nusu, pamoja na kamba zake. Sitaha ambayo Binti aliichora ubao kwa ubao, milimita moja na nusu kila mmoja, sehemu kubwa ikaingia chini ya majani. Na nusu ya chini ya bodi, panga zake na usukani, ikatakiwa iwe ndani ya maji.

Hili la mwisho ndilo lililowauma. Mratibu alikuwa ameshawaonyesha wafadhili panga zile. Akaomba maji yawe angavu, ili mgeni akichungulia azione.

Mfuatano: maji

Meza ilijengwa kwa stairofomu, ikachongwa kingo za mto na kina cha sentimita 7, ili bodi linalozama sentimita 5.3 lipate nafasi. Resini ya epoksi ilikuwa ghali. Kijana akamjua mtu anayetengeneza boti za faiba, akapata resini ya poliesta kwa bei ya chini. Mzee alikubali kwa sharti moja: meli isiwepo. Alichonga gogo la paini lenye umbo la sehemu ya chini ya meli, akalipaka nta na kulizungushia nailoni, likakaa mahali pake.

Ilimwagwa mchana, mara moja, kina chote. Poliesta hula stairofomu. Kwanza ukasikika mlio mdogo kama wa soda iliyofunguliwa, kisha ukingo wa kusini ukaanza kuzama ndani ya maji yake wenyewe. Iliyobaki ilipata joto kali, kwa kuwa resini nene hujipasha yenyewe inapoganda, na hewa ya siku ile haikuipunguzia kitu. Ilipasuka kati. Harufu ilibaki kwenye karakana siku kadhaa, na jirani mmoja akaja kulalamika, kwa haki kabisa. Gogo la Mzee lilikwama humo moja kwa moja.

Nilipoitwa kwa mara nyingine, mezani kulikuwa na makadirio ya epoksi, imwagwe tabaka jembamba kwa tabaka juu ya stairofomu iliyozibwa. Kwa kanuni za kazi mpango ulikuwa sahihi. Niliuliza tu nani kati yao amewahi kuona chini ya maji ya Rufiji. Mjumbe wa deltani akasema hata kasia ukilitia huoni ncha yake. Mto ule unabeba tope lote la bara. Maji yake ni ya kahawia, hayapenyezi macho. Maji angavu yangekuwa uongo wa gharama kubwa.

Wakajenga upya kwa plaiwudi, uso wa maji ukiwa ubao wenye tundu la umbo la meli. Juu yake jipsamu nyembamba, ikachorwa mikondo kwa brashi ikiwa mbichi, ikapakwa kahawia yenye chembe za kijani pembezoni, kisha vanishi ya kung’aa tabaka kadhaa. Meli ikateremshwa kwenye tundu lake. Meza ikakatwa vipande viwili, kwa kuwa mlango wa ukumbi haukuwa wa futi 4.

Mfuatano: mikoko

Kwa kuwa siku ilishachaguliwa, ilibaki saa. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwenye skeli hiyo ni sentimita 3 za ukingo. Yakiwa yamejaa, mikoko ni majani yaliyokaa juu ya maji. Yakiwa yamekupwa, mizizi inasimama wazi na tope linaonekana. Walichagua maji ya kupwa. Mizizi ya mkoko ilisokotwa kwa waya chakavu, ikapakwa gundi na unga wa mbao. Majani yalikuwa unga wa mbao uliotiwa rangi na kupitishwa kwenye chekeche: kilichozidi milimita moja na nusu kilirudishwa, kwa sababu jani la mkoko halizidi sana sentimita 15. Majani halisi yaliyokaushwa yalijaribiwa kwanza, wadudu wakayapata kabla ya wageni.

Matokeo

Diorama imewekwa na inatazamwa. Wageni husimama zaidi upande wa ukingo, kwenye watu wa sentimita 1.7 wanaovuta kipande cha injini, kuliko upande wa omo ya meli. Wazee wa deltani waliokuja wiki za mwanzo walisema miti yote ni mkoko mtupu, wakauliza miti mingine ya deltani, mchu na mpira, iko wapi. Miti kadhaa iling’olewa na kupangwa upya.

Ukumbi una kiyoyozi kinachozimwa usiku, hivyo hewa hukauka mchana na kulowana alfajiri. Jipsamu ya maji imepata nyufa mbili na zimezibwa. Bodi la meli halina hata moja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilitokana na watu wa fani tofauti kukaguana kwa vipimo vyao wenyewe. Kosa la karatasi halikuonekana kwa rula ya Binti, kwa sababu rula ilipima kilichokuwa sahihi. Ufito uliliona kwa kuwa unagusa kila taruma kwa pamoja. Nao ufito usingejua upana wa kweli ni ngapi. Anayejenga modeli ya ukubwa huu peke yake ajitafutie mtu wa kumlazia ufito. Gogo la mfano na vanishi ya ndani ni tabia za mtu aliyewahi kuona chombo kikioza. Hakuna mchoro ulioziagiza.

Upande wa kushindwa, ni rahisi kulaumu resini. Mimi naona mnyororo. Siku haikutajwa, kwa hiyo meli ikajengwa kwa ajili ya siku zote: milingoti mirefu, panga, sitaha tupu. Vilipokuwepo, vikadai kuonekana. Kudai kuonekana ndiko kulikoleta maji angavu, maji angavu yakaleta resini, ughali wa resini ukaleta poliesta. Kama barua ingesema “Oktoba 1914, maji yamekupwa”, bodi lingeishia kwenye mstari wa maji na milingoti ingekuwa mifupi tangu mwanzo. Hata hivyo, uamuzi wa kulizamisha bodi kwenye tundu badala ya kulikata nauhesabu kuwa mzuri: meli inatoka kwa ukarabati, na siku kituo kitakapotaka kuionyesha peke yake, panga zipo.

Kuhusu poliesta, jaribio la kikombe kimoja juu ya kipande cha stairofomu lingetosha. Halikufanyika kwa sababu tarehe ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa.

Limebaki suala la malipo. Kituo kililipa nusu ya kazi ya milingoti iliyokatwa, kwa kukiri kwamba mabadiliko yalitoka kwake. Resini hakikulipa, kwa hoja kwamba aina ya resini ilichaguliwa na mafundi. Hoja hiyo ina ukweli kwa aina, haina ukweli kwa resini yenyewe, maana aliyetaka maji angavu hakuwa fundi. Mgawanyo wa haki, kwa hesabu yangu, ungekuwa kituo kubeba gharama ya stairofomu na siku za kazi zilizopotea, na mafundi kubeba bei ya poliesta. Mkataba wa kazi yao inayofuata, dau la uvuvi kwa skeli ya 1:20, una mstari wa kwanza unaotaja msimu, hali ya maji na saa ya siku, na mstari wa pili unaosema kila mabadiliko ya hayo yanalipwa na anayeyaomba.